Mjomba Tuliyemlilia Akiwa Hai

Nilisikia nduru kabla sijaona chochote. Nilikuwa nimeinama kwenye bomba la maji pale Lindi, Kibera, mtungi wangu umejaa nusu, nduru ikapanda juu ya mabati kutoka upande wa Gatwekera. Ilipanda, ikasimama huko juu muda mrefu, kisha ikashuka polepole mpaka ikawa mguno. Wanawake waliokuwa kwenye foleni waligeuka kutazama huko. Mmoja alifungua leso yake akaifunga upya, akaikaza kiunoni, kama watu wa kwetu wanavyofanya kabla ya kukimbilia msiba.

"Si hiyo ni kwenu?" aliniuliza.

Ilikuwa kwetu. Ilikuwa sauti ya mama. Na mimi peke yangu kwenye foleni ile nilijua kwamba hakuna mtu aliyekufa.

Nilisimama pale nikiangalia maji yakiingia mtungini. Yule mama akanisukuma begani. "Wee msichana, umekufa ganzi? Kimbia." Ndipo nikakumbuka kwamba mtu aliyefiwa huacha maji, nikauacha mtungi na kukimbia.

Mama alikuwa akimlilia mjomba wangu, ndugu yake wa mwisho, na wakati huo mjomba alikuwa Kawangware, amekaa juu ya gunia la viazi, anakula githeri ya mahindi na maharagwe.

Ulikuwa mwaka wa tisini na moja, chama kilikuwa bado kimoja, na picha ya mkubwa wa nchi ilining'inia katika kila duka, hata kibanda kilichokuwa hakina ukuta wa kuining'iniza. Mjomba alifanya kazi ya kudurufu karatasi katika ofisi moja mjini. Alirudi nyumbani na wino mweusi kwenye kucha, akanawa kwa mafuta ya taa, akakaa upande wake wa pazia, maana chumba chetu kilikuwa kimoja na pazia ndilo lililotupa vyumba viwili. Nilipenda jioni zile. Treni ikipita chini kule, vikombe vilitetemeka kwenye rafu, naye aliweka kidole juu ya chake na kusema, "Tulia, mzee, si wewe wanayekutafuta." Tulicheka kila mara, ingawa utani ulikuwa ule ule.

Wakubwa wake wakishaenda nyumbani, mashine ile ilichapa kazi nyingine. Zilikuwa kurasa fupi, mistari ishirini hivi, zikiuliza maswali ambayo watu waliogopa kuuliza kwa sauti. Kwa nini chama kimoja? Fulani aliyechukuliwa mwezi uliopita yuko wapi? Alizileta nyumbani ndani ya shati, na mama akazifungia omena.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yetu, mama na mimi. Tuliuza omena kando ya njia ya reli, mama akipima kwa kopo, mimi nikikunja karatasi. Mteja wa kawaida alifungiwa katika gazeti. Mteja aliyesema, "Nifungie vizuri, mama, naenda mbali," alipata ukurasa wa mjomba, maandishi yakiwa upande wa ndani. Akifika kwake alimwaga samaki, akasoma, kisha akawashia jiko. Vijana wa chama walipita mara nyingi wakikagua vibanda, lakini hakuna aliyetaka kuingiza pua katika karatasi ya omena. Nimeandika kurasa nyingi tangu wakati huo, na sijui kama kuna hata moja iliyowahi kusomwa kwa makini kama zile zilizonuka samaki.

Jumatatu moja wanaume wawili wenye makoti walikwenda ofisini kwake. Mjomba alikuwa ametoka kula. Mwanamke aliyepika chai pale alimngojea kwenye ngazi, akamwambia, "Usipande. Wageni wako wamekalia kiti chako." Mjomba aligeuka, akatembea kwa miguu mpaka Kawangware, kwa mwenye ploti tuliyewahi kupanga kwake kabla hatujahamia Kibera.

Huyo alikuwa mwanamke mzee, tuliyemwita shosho, yaani nyanya, kama watu wote pale. Shamba lilikuwa la baba yake kabla mji haujafika, naye alibaki na ng'ombe mmoja na safu mbili za vyumba vya mabati. Hakumwuliza mjomba kitu. Alimfungulia stoo ya viazi. Jioni ile ile alituma mtu kutuambia kwamba mwanawe wa kambo alikuwa na lori, na Ijumaa lingekwenda Namanga, kwenye mpaka wa kusini, kuchukua vitunguu. Ilikuwa bado Jumatatu. Mjomba alihitaji siku nne za kutotafutwa.

Mama alipata shauri usiku ule, na Jumanne asubuhi tulikwenda Kawangware kumwambia mwenyewe.

"Watasema nimekufa?" mjomba aliuliza.

"Mimi ndiye nitasema. Ulipanda lori kwenda Uganda, likapinduka. Mwili uko huko. Wakitaka kuhakikisha, wavuke mpaka."

Mjomba alicheka, kisha akaacha kucheka. "Dada, utanililia kweli?"

"Nitakulilia mpaka ujionee huruma."

Na ndivyo alivyofanya, mchana ule, nikiwa kwenye bomba. Nilipofika nilimkuta amekaa chini, miguu ameinyosha, anataja majina yote mazuri ya ndugu yake. Anayecheza mpira bila viatu. Anayekula mifupa na kumwachia dada nyama. Machozi yalikuwa ya kweli. Nilikaa kando yake nikalia pia, na mpaka leo sijui nilikuwa ninamlilia nani.

Hatukuwa tumejiandaa kwa wema wa majirani. Saa moja haikupita, uwanja ukajaa. Huyu alileta kuni, huyu unga, huyu sukari kwenye kikombe chake cha nyumbani. Wanakwaya wa kanisa letu waliacha nguo walizokuwa wakifua kwa watu na kuja kuimba. Jirani yetu mzee, mstaafu wa reli na mwenyekiti wa kamati ya mazishi ya watu wa kwetu, alifika amevaa koti lake la Jumapili. Aliunda kamati palepale, akaanza kuuliza habari za jeneza. Nilitamani ardhi inimeze. Wengi wao walikuwa wamekula omena zetu na kusoma kurasa za yule waliyekuwa wakimlilia.

Jumatano asubuhi wale wawili wenye makoti walitufikia. Waimbaji hawakunyamaza mara moja. Walipunguza sauti tu, kama mtu anayepunguza redio.

"Huyu mtu wenu amekufa lini?" aliuliza mrefu wao.

"Jumatatu usiku," mama alisema.

"Na nyinyi mmeanza kulia jana mchana."

"Kwani afande, machozi iko na masaa ya kazi?" alisema mwanamke mmoja wa kwaya bila kuinua uso kutoka kwenye sufuria.

Watu waliguna. Yule mfupi alitazama viatu vyake. Mrefu hakutikisika. Aliangalia kuni, unga, wazee wa kamati, kisha akasema taratibu, "Mimi husikiliza matangazo ya vifo kila siku. Mama yangu ni mzee, lazima nisikilize. Huyu wenu sijamsikia."

"Tangazo linaenda leo, mzee," alisema jirani yetu wa reli, kwa heshima na kuudhika. Alidhani wameitukana kamati yake.

"Basi nitasikiliza," alisema mrefu, wakaondoka.

Kwa watu wa kwetu wakati ule, kifo kisichotangazwa redioni kilikuwa kama uvumi. Mzee wa reli alitafuta kalamu. Mwandiko wake ulikuwa mbaya, na wangu ulikuwa umesifiwa shuleni, nami nilikuwa nimemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia. Akanipa karatasi. "Andika vizuri, binti yangu. Usiruke mtu. Wakiona tangazo lina mapengo watasema ni la uongo."

Niliandika. Nilijua mtindo wake kama kila mtu aliyekulia karibu na redio. Kwa masikitiko makubwa. Mwana wa marehemu fulani. Kaka yake fulani. Mwajiriwa wa zamani. Kisha nikafika mahali pa kutaja wale ambao habari ziwafikie, na kalamu ikaendelea yenyewe. Tangazo la kijana asiye na mke huanza na mama yake. Kumwacha kungekuwa pengo ambalo mtu yeyote angeliona. Nikaandika: habari zimfikie mama yake mzazi, na jina la kijiji.

Nilisoma nilichoandika nikaona ni kizuri. Hiyo ndiyo aibu ninayoikumbuka. Ilikuwa hadithi yangu ya kwanza ya kubuni, na niliifurahia.

Mzee aliipeleka mjini mwenyewe. Alhamisi mchana, kabla ya taarifa ya habari, tulikaa kuizunguka redio yake, watu thelathini hivi kwenye vumbi, na sauti nzito ya mtangazaji wa serikali ikasoma kwamba mtu aliyekuwa akitafutwa na serikali amekufa. Ilisoma bila kukosea. Mama alinifinya mkono kwa furaha iliyofichwa ndani ya kilio. Kisha sauti ikasema habari zimfikie mama yake mzazi, na vidole vya mama vikalegea.

"Dani ana redio?" niliuliza kwa mnong'ono. Dani ndiye nyanya kwa lugha yetu.

"Betri ziliisha tangu Krismasi," mama alisema. Baada ya muda akaongeza, "Lakini kijiji kizima kina redio."

Nyanya alifika Ijumaa asubuhi kwa basi. Tulimwona akishuka njia ya reli peke yake, amejifunga leso nyeusi, amebeba kitu kirefu kilichoviringishwa kwa shuka kama mtu abebavyo mtoto. Wanawake walipiga nduru kumpokea. Alipofungua kilemba niliona amenyoa kichwa.

Mama hangeweza kusema neno pale, mbele ya kamati na kwaya na yeyote aliyetumwa kutusikiliza. Alimkumbatia mama yake, akalia kwa namna ambayo hakuwa amelia siku zote zile, kisha akaniita pembeni. "Mpeleke Kawangware. Watu nitawaambia anaenda kwa mkwe wake kupumzika. Mwambie mkishafika mbali."

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu wewe ndiye uliyeandika."

Tulitembea. Tulipita Jamhuri, tukavuka Barabara ya Ngong, nyanya akikataa nimsaidie mzigo wake. Kwenye Barabara ya Naivasha, mahali ambapo mafundi walikuwa wakipigilia misumari kwenye vitanda na hakuna aliyeweza kutusikia, nilimwambia. Nilisema yuko hai. Nilisema ni uongo wote, na kwa nini.

Nyanya alikaa kwenye jiwe kando ya njia. Alikaa mpaka fundi mmoja akamaliza miguu minne ya kitanda.

"Nani aliandika jina langu?"

"Ni mimi, dani."

"Uliandika vizuri," alisema. "Nililia mpaka sauti ikaisha." Kisha akafungua pembe ya shuka akanionyesha alichobeba. Lilikuwa tunda la mwegea, refu kama mkono wangu, la rangi ya udongo. Nililijua. Kwetu mtu akifia mahali ambapo mwili wake hauwezi kuletwa, tunda hilo huzikwa badala yake, ili kaburi lisikae tupu. "Walisema yuko Uganda. Nilijua hamna uwezo wa kumleta. Nikaja nalo mlione, mjue nitazika nini."

Shosho alitupokea mlangoni. Wazee wale wawili hawakuwa na lugha moja zaidi ya Kiswahili kidogo, kila mmoja na chake. Shosho alitazama kichwa kilichonyolewa, akaelewa bila kuambiwa.

"Pole, mama. Si ya kufa," alisema. "Bwana yangu pia alitoka hapa hapa, kwa hii mlango. Huyo alikuwa anatafutwa na mzungu."

"Alirudi?" nyanya aliuliza.

"Alirudi. Baada ya miaka saba."

Mjomba alikuwa stoo. Aliposikia sauti ya mama yake alisimama, mikono imenyooshwa, uso wote umekuwa wa mtoto. Nyanya aliinua kiganja. Kilimsimamisha kama ukuta.

Hakumkaribia. Alikaa kwenye kiti nilichomletea, akaweka mzigo wake juu ya meza kati yao, akaniita nisimame kando ya meza. Aliponiambia nimuulize kama amekula, nikaelewa. Mtu aliyeliliwa hasemeshwi na aliyemlilia akiamini amekufa, wala hamshiki mkono, mpaka achinjiwe mbuzi nyumbani na kuogeshwa dawa. Wale wawili walitengana kwa hatua mbili tu, na maneno yao yalipitia kwangu.

"Anauliza kama umekula."

"Mwambie nimekula viazi mpaka naanza kuota," mjomba alisema, na nyanya akageuza uso ili nisione mdomo wake ukicheka.

"Mwambie amekonda."

"Umekonda."

"Mwambie yeye ndiye amenyoa."

Tuliendelea hivyo kwa muda, utani mdogo mdogo. Nikifunga macho naisikia bado mvua iliyoanza kuanguka kwenye mabati, na ng'ombe wa shosho akitafuna. Sijawahi tena kuwa mahali palipojaa upendo namna ile na watu wakiwa hawagusani. Kisha mjomba akatazama shuka juu ya meza, akajua umbo lililokuwa ndani.

"Mwambie asilizike," alisema. "Mwambie aende awaambie watu kwamba tangazo lilikosea. Hii serikali haitakaa milele. Nitarudi, achinje mbuzi, yaishe."

Nilirudia neno kwa neno. Nyanya alisikiliza kana kwamba hakuwa amesikia mara ya kwanza.

"Mwambie chifu alikuja kunipa pole. Alikalia kiti changu, akanywa uji wangu, akaniuliza tunazika siku gani ili awepo. Chifu hajawahi kuja kwangu hata nilipofiwa na mume. Anataka kuona shimo. Nisipozika, kesho yake simu inapigwa, na anafuatwa hata ng'ambo ya Namanga."

Mjomba hakunisubiri nirudie. Alimwambia moja kwa moja, akivunja mwiko, "Mama, ukizika sitaweza kuingia kwako tena."

Nyanya alinitazama mimi. "Mwambie mbuzi anaweza kufuta kilio. Kaburi hakuna mnyama anayeweza kulifuta. Najua. Mwambie najua."

Mwezi wa mwisho wa mwaka ule ule sheria ilibadilishwa, vyama vikawa vingi, na watu wa Gatwekera waliimba njiani mchana kweupe maneno tuliyokuwa tukiyafungia omena. Mzee wa reli aliambiwa ukweli wakati huo. Alinuna wiki nzima, kisha akawa anausimulia kwa kila mtu kama shauri lake mwenyewe. Mjomba anaishi mji mmoja mbali kusini, anafundisha watu kupiga chapa, ana watoto watatu. Barua zake hunifikia mimi. Nyumbani kuna kaburi lenye tunda ndani yake. Nyanya alilizika mbele ya chifu, na alilipalilia kila msimu mpaka alipokwenda kulala kando yake. Sasa tunalipalilia sisi. Watu huniuliza ni nani waliouangusha utawala ule, nami husikia wakitaja wanasheria na wanasiasa, wengine kwa haki kabisa. Mimi humkumbuka mwanamke aliyenyolewa kichwa, amekaa katika stoo ya viazi, akikubali kuwa na mwana mbali badala ya kuwa naye jela.

Ijumaa ile, saa kumi jioni, honi ya lori ililia nje, mara mbili, fupi. Shosho aliingia na chupa ya chai na viazi vilivyochemshwa ndani ya karatasi. Mjomba alivaa koti. Alisimama mbele ya meza, akatamani kitu cha kushika, na kwa kuwa mama yake hakushikika, aliweka kiganja chake juu ya tunda, akalipima uzito kidogo.

"Mwambie ni zito kuliko mimi," aliniambia.

"Mwambie lilikula vizuri," nyanya alisema.

Mjomba aliinama kidogo upande wa mama yake, kama mtu aingiavyo kanisani amechelewa, kisha akatoka mvuani. Hakuna aliyesema kwaheri, kwa kuwa wafu hawaagwi hivyo. Nilitaka kumfuata mpaka barabarani, lakini nyanya alinishika kifundo cha mkono. Alisimama, akauendea mlango mwenyewe, akausukuma taratibu mpaka ukagota, na kuingiza komeo.